Mlima niliokua nauona kila asubuhi

Nyumba ya bibi pale Sanje, Kilombero, imeipa barabara mgongo, mlango wa mbele unatazama mlimani. Sijui babu alipanga hivo au kiwanja tu ndo kilimuelekeza, ila wajukuu wote tuliopita kwenye ile nyumba tumekua tukiamka kitu cha kwanza kukiona ni Udzungwa. Unafungua mlango macho bado yana tongotongo, mlima huo hapo umeujaza mlango wote, kijani ya giza ambayo jua likikolea inakua kama bluu na jioni inakua nyeusi tii. Tulikua tunausoma kama watu wengine wanavyosoma saa. Wingu likikaa kileleni bibi anaanika mpunga wake bila wasiwasi, likianza kushuka likafika usawa wa maporomoko utasikia "anueni mpunga!" na kweli kabla hatujamaliza kukunja majamvi matone yameshaanza.

Maporomoko tulikua tunayaona kutoka uwanjani, mstari mweupe kama uzi uliolegea katikati ya msitu, masika unanenepa kiangazi unakonda.

Sasa mimi mtu niliyekulia hapo nimefika miaka 36 bila kuingia ndani ya huo mlima hata mara moja. Nimeenda Bagamoyo, nimeenda Zanzibar na watu wa kazini, nimepanda boti nimepiga picha Ngome Kongwe, ila mlima wa nyumbani hapana. Na siyo mimi peke yangu. Mdogo wangu wa kiume anaendesha bodaboda Mang'ula, msimu wa wageni kazi yake kubwa ni kuwabeba kutoka makao makuu ya hifadhi pale Mang'ula mpaka Sanje ambako ndo njia ya kwenda maporomoko inaanzia, ni kama kilomita tisa kumi hivi, anawashusha, anakaa chini ya mwembe anawasubiri masaa manne, wakishuka anawarudisha. Amefanya hivo miaka sita. Nikamuuliza kwani huko juu kukoje, akaniambia "dada, mimi mwenyewe huwa nawauliza wao."

Lile jibu lilinikaa rohoni wiki nzima. Hatukuwahi kukatazwa na mtu kupanda, wala kiingilio siyo sababu maana Mtanzania analipa kwa shilingi na ni hela ndogo sana ukilinganisha na anayolipa mgeni. Ni vile tu kwenye vichwa vyetu mlima ulishagawanywa, kuna watu wa kuupanda na kuna watu wa kuutazama, na sisi tukajiweka upande wa kutazama bila hata kuambiwa.

Bibi yeye alikua tofauti, kwa bibi msitu ulikua kazi. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na kwa miaka mingi akina mama wa vijiji vya pembeni walikua wanaruhusiwa kuingia siku moja ya wiki kuokota kuni zilizokauka zenyewe, mpaka ruhusa hiyo ilivosimamishwa mwaka 2011. Kwa hiyo bibi alikua anaingia. Anaondoka alfajiri na wenzie, anarudi na mzigo kichwani, na ukishamtua anakaa kwenye kigoda anavua kata anaanza kusimulia: leo tumepishana na mbega wengi, leo tumekuta mavi ya tembo bado yana moshi tukageuza njia, leo ng'olaga kapiga kelele kutwa nzima. Sisi tunasikiliza tunasahau. Zilivosimama kuni alipanda mijohoro nyuma ya nyumba, saivi ameshaikata mara kadhaa inachipua tena, ndo anapikia. Ila zile hadithi nazo zilisimama, maana hakua na pa kuzitoa.

Bas, Agosti nilivopata likizo nikamwambia mdogo wangu safari hii hukai chini ya mwembe, tunapanda wote.

Basi la Ifakara nilipandia Mbezi alfajiri. Morogoro, alafu Mikumi ambako unapita katikati ya hifadhi unaona twiga na pundamilia kabisa kupitia dirishani, alafu pale Mikumi mjini basi linakata kushoto linaiacha barabara kuu, Kidodi, Kidatu, unavuka Ruaha Mkuu, na ukishavuka tu mlima unakuja upande wako wa kulia na haukuachi tena. Kushoto miwa mpaka macho yanachoka, kulia msitu. Zamani hicho kipande kilikua vumbi na mashimo, unafika nyumbani nywele nyekundu, siku hizi ni lami. Wa treni pia wapo maana TAZARA inapita hapo hapo na Mang'ula kuna stesheni, na Mang'ula yenyewe wazee wanaikumbuka kama kambi kubwa ya Wachina enzi reli inajengwa miaka ya sabini.

Kwa anayetaka kwenda: kulipa ni kwa kadi au kwa simu, usije na noti ukategemea zitapokelewa. Ndani ya hifadhi hakuna barabara za kuzungukia na gari kama Mikumi au Serengeti, ni miguu tu. Hilo wengine wanaliona ni usumbufu na mimi naliona ndo uzuri wenyewe, maana kwenye gari unaona mnyama alafu unaondoka, kwa miguu lazima upumue hewa moja na huo msitu mpaka ushuke. Kwa njia ndefu kama ya kilele cha Mwanihana, ambayo ni siku tatu unalala porini, mnaenda na askari mwenye silaha kwa sababu ya tembo na nyati. Sisi tulichagua ya Sanje, ya masaa manne, kwa heshima ya ule uzi mweupe wa uwanjani kwa bibi.

Aliyetuongoza ni kijana wa huko huko kwetu, umri wa mdogo wangu kabisa, wakaanza kutaniana kwamba "wewe ndo yule wa pikipiki nyekundu". Tukaanza kupanda saa moja na nusu asubuhi.

Dakika ishirini za kwanza sikuona kitu chochote cha maana na nataka niliseme hilo wazi, kwa sababu watu wanapost picha za maporomoko unadhani ukiingia tu getini uzuri unakupokea. Hapana. Njia inapanda, tena inapanda kwelikweli, pumzi inakata, jasho linaingia machoni, unaangalia kisigino cha aliye mbele yako bas. Tulivosimama kunywa maji ndo yule kijana akasema "dada usitafute kwa macho, hapa tafuta kwa masikio kwanza." Nikatulia. Na kumbe msitu wote ulikua unaongea muda wote huo, mimi nilikua nasikia pumzi zangu tu.

Kuna hondohondo, huyo hata asiyemjua atamsikia, mabawa yake yakipita juu yanavuma kama mtu anayekung'uta shuka kubwa, kelele zake ni kama mtoto anayelilia kitu. Kuna wadudu ambao sauti yao moja haikatiki mpaka inakua kama ukimya. Alafu matawi yakaanza kutikisika upande wa bondeni, siyo upepo, ni tawi moja moja kwa zamu, na yule kijana akaonyesha kwa kidevu: mbega wekundu.

Nimewaona mara nyingi kwenye mabango, nyumba za wageni za Mang'ula zimewachora ukutani. Kuwaona wenyewe ni kingine. Huyu mbega mwekundu hayupo popote duniani isipokua kwenye milima hii ya Udzungwa na misitu michache inayoizunguka. Kofia ya nywele nyekundu kama kutu, uso mweusi, mkia mrefu unaning'inia kama kamba ya kisimani. Hana kidole gumba, mbega wote wako hivo, kwa hiyo tawi analinasa kwa vidole vinne kama ndoano, na kuruka kwake siyo kuruka ni kujitupa, anajiachia mzima mzima angani anatua kwenye majani yanainama nae mpaka unasema huyu kaanguka, alafu anaibuka anakaa anakula majani kama hakuna kilichotokea. Mama mmoja alijitupa hivo na mtoto kamng'ang'ania tumboni. Mdogo wangu alishika kichwa kwa mikono miwili, miaka sita ya kukaa chini ya mwembe na wale walikua hapo hapo juu dakika arobaini tu kwa mguu.

Tukiwa bado tunawaangalia ndo ikaja ile sauti.

Nitajaribu kuiandika. Kwanza ni mlio mmoja mzito, wuuup, kama mtu kaita kutoka ndani ya mtungi. Alafu kimya, kimya ambacho unadhani kimeisha. Alafu inafuata gologologolo ya haraka haraka, kama maji yanatoka kwenye dumu lenye mdomo mdogo. Kijana akasema "huyo sasa ndo ng'olaga", na mimi nywele zikasimama, kwa sababu hilo jina mara ya mwisho nililisikia mdomoni kwa bibi na mzigo wa kuni umeegemezwa ukutani.

Habari ya huyu ng'olaga ningependa kila mtoto wa Kilombero aijue. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikua kwenye msitu wa Mwanihana, huu huu, wakaisikia hiyo sauti. Wao walikua wanajua sauti za aina hiyo ni za mangabe, jamii ya nyani wa msituni, na mangabe wa karibu waliokua wanajulikana upande huu wa Afrika walikua mbali mno, kule Mto Tana, Kenya. Wakamuuliza mwenyeji waliokua nae hicho ni nini. Akawajibu kama mtu anayeulizwa jina la jirani yake: ng'olaga. Ndo ikawa dunia imepata nyani mpya, akaitwa mangabe wa Sanje, jina la kijiji chetu likaingia kwenye vitabu. Mpaka leo anaishi kwenye misitu miwili tu, huu wa Mwanihana ulio ndani ya hifadhi, na ule wa ukingo wa Udzungwa huko kusini zaidi, bas, hakuna pengine.

Sasa mimi neno "kugundua" silipigi vita, wale watafiti walifanya kazi kubwa, bila jina la kisayansi huwezi kumtetea mnyama mbele ya mtu mwenye msumeno. Ila najiuliza kuhusu ile siku moja kabla. Siku moja kabla ya kugunduliwa ng'olaga alikua na jina, alikua na watu wanaoijua sauti yake na wanaojua anapenda matunda gani na anashuka chini saa ngapi, na katika watu hao wapo wanawake waliokua wanamkuta wakiinama kuokota kuni. Ule ujuzi hatukuuandika. Hatukuuuliza hata. Mimi mjukuu nilikua nausikia bure kila wiki nikaona ni maneno ya kupumzikia tu.

Na siyo ng'olaga peke yake, huu mlima una tabia hiyo. Mwaka 1991 watafiti wa ndege kutoka Denmark wako kambini huko juu, jioni wanaangalia kwenye sufuria ya kitoweo kilichonaswa porini na wenyeji waliokua wanawaongoza, wanaona miguu ya ndege wasiyoitambua. Wakaanza kumtafuta akiwa hai. Ndo kwale wa Udzungwa huyo, na walivomchunguza wakaona ndugu zake wa karibu hawako Afrika, wako kwenye milima ya Asia. Yani kuna watu walikua wanamlia ugali. Alafu 2005 kamera za mtego zilizofungwa kwenye miti huko msitu wa Ndundulu zikapiga picha ya sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, wengine wanamuita njule, yule kapanya mwenye pua kama mkonga mdogo, ila huyu ana gramu kama 700 na mgongo mweusi nyuma, 2008 akapewa jina rasmi, na ilikua imepita zaidi ya miaka 120 hajatangazwa sange mpya katika lile kundi la wakubwa. Huko huko Ndundulu 2004 wakamkuta na kipunji, nyani mwingine, ambae mwaka mmoja kabla alikua ameonekana Rungwe, na hapo napo Rungwe wazee walikua na jina lake tayari, ndo hilo hilo la kipunji. Na juzi juzi tu 2025 umetangazwa mti, siyo ua, siyo jani, mti wa mita 40, Tessmannia princeps, mijitu mikubwa ambayo watafiti wanakadiria baadhi yake ina zaidi ya miaka elfu mbili, imesimama kwenye misitu ya vijiji huko Udzungwa muda wote huo, na waliouandika kwenye sayansi ni pamoja na Watanzania wazaliwa wa milima hii. Hilo la mwisho lilinifurahisha sana jamani.

Kwa nini huku? Nilimuuliza kijana akanielezea vizuri kuliko nilivotegemea. Udzungwa siyo mlima wa aina ya Kilimanjaro. Kilimanjaro ni volkano, kwa hesabu ya milima ni kijana. Huu ni mwamba wa kale sana ulioinuliwa, na uko huko mwishoni kusini-magharibi kwenye safu wanayoiita Tao la Mashariki, inaanzia Taita kule Kenya inashuka Pare, Usambara, Nguru, Uluguru, Rubeho mpaka hapa. Upepo kutoka Bahari ya Hindi unakuja na unyevu wake unagonga huu ukuta, mvua inanyesha. Enzi zile barafu imefunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia na Afrika ikakauka, misitu mingi ikageuka nyika, ila hapa bahari iliendelea kuleta mvua kwa hiyo msitu haukufa. Viumbe waliobaki humu wakawa kama watu waliobaki kisiwani, kila mlima na wa kwake. Na jambo lingine ni kwamba msitu huu unaanza bondeni kabisa, mita 250 kutoka usawa wa bahari, unapanda bila kukatika mpaka zaidi ya mita elfu mbili, kilele cha Luhombero ni mita 2,576. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki huko chini kwenye joto msitu ulishalimwa zamani, unabaki wa juu tu. Hapa unaweza kuanza safari pembeni ya miwa na ukamaliza kwenye mianzi na baridi, hujatoka kwenye kivuli.

Njiani kwenye mwamba uliolowa kijana alituonyesha kiua kidogo cha zambarau, majani yake yana manyoya laini kama sikio la mbuzi mchanga. Ndo lile ua ambalo Ulaya wanalipanda kwenye vyungu vya dirishani, Wajerumani wanaliita kwa jina la Usambara. Mdogo wangu akainama akalitazama muda mrefu, hakuligusa.

Alafu tukafika.

Maporomoko ya Sanje yana mita 170, yanashuka kwa ngazi tatu. Kutoka uwanjani kwa bibi unaona ngazi moja tu na unadhani ndo yote. Ukiwa pale maji hayaonekani kama uzi hata kidogo, ni ukuta unaotembea, na mvuke wake unakupiga usoni kabla hujayaona, nguo zinalowa ukiwa bado mita nyingi. Kuna dimbwi unaweza kuogelea, baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Niliingia na nguo zangu. Ukigeuka, bonde lote la Kilombero liko chini yako, miwa ya kijani iliyopauka kwa mistari iliyonyooka, mashamba ya mpunga, reli, mabati yanayong'aa. Nikaitafuta nyumba ya bibi. Sikuipata, ila mwembe wa mdogo wangu tuliupata, akacheka sana.

Nikiwa kwenye ule mvuke nilimkumbuka chura wa Kihansi. Kihansi iko kwenye milima hii hii ya Udzungwa, nje ya hifadhi. Kulikua na chura mdogo wa njano, ukimkunja anakaa kwenye sarafu, anazaa watoto hai badala ya kutaga mayai, na makazi yake yote duniani yalikua ni ule mvuke wa maporomoko ya Kihansi, eneo la hekta kama mbili tu. Alijulikana kwa sayansi 1996. Mwaka 2000 bwawa la umeme likaanza kazi, maji mengi yakapelekwa kwenye mitambo, mvuke ukapungua. Baadhi walisafirishwa Marekani wakatunzwa huko, ikafungwa mipira ya kunyunyizia maji kule korongoni kuiga mvuke, ila waliobaki wakaisha, 2009 ikatangazwa hawapo tena porini. Na 2012 kizazi cha wale waliotunzwa Marekani wakaanza kurudishwa kule korongoni. Umeme tunauhitaji, mimi naandika hii kwa simu iliyochajiwa na umeme wa maji kama huo. Ila nimesimama pale maji yananipiga nikawaza kwamba kuna kiumbe ambae kwake dunia nzima ilikua ni hapa tu, huu mvuke, hatua mia mbili huku na mia mbili kule, na ukifunga bomba dunia yake imeisha.

Na sisi je? Mito inayoshuka huku ndo inalisha mpunga wa Kilombero ambao Dar tunaununua kwa jina la "mchele wa Ifakara", ndo inanywesha miwa, na mto Kilombero ndo unaoleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, kwa hiyo bwawa la Julius Nyerere na megawati zake 2,115 linategemea sana bonde hili na milima inayolizunguka. Mara ngapi nimekaa Dar umeme umekatika nikalalamika, sijawahi hata siku moja kuunganisha taa yangu na wingu la kwa bibi.

Ya tembo siwezi kuyaruka kwa sababu wanaosoma hii na wana mashamba Mang'ula watasema nimepamba. Tembo wa Udzungwa wanapanda milima mpaka huko juu, na usiku wanashuka kwenye mpunga na mahindi ya watu, mtu analima miezi mitano analipoteza shamba usiku mmoja, na wengine wamepoteza maisha. Kuna waliofunga uzio wa mizinga ya nyuki maana tembo anaogopa nyuki, na imejengwa njia ya tembo kupita chini ya barabara ili wavuke kuelekea upande wa Hifadhi ya Nyerere kama walivokua wanavuka zamani. Nimeiona, ni kazi ya maana. Ila anayelala shambani na debe la kupiga kelele ndo ajuaye, na mimi ninayeupenda huu mlima nikiwa Dar sina haki ya kumwambia avumilie.

Kushuka miguu inatetemeka kuliko kupanda, mvaeni raba zenye meno, mimi niliteleza mara mbili. Juni mpaka Oktoba ndo pakavu, masika njia ni utelezi mtupu ingawa maporomoko ndo yanakua na nguvu. Mbebe maji na chakula, mtoke mapema. Na msiweke muziki kwenye simu, naomba sana.

Jioni tukaenda kwa bibi. Alikua amekaa kwenye kile kigoda, nikampa shikamoo, akaitika marahaba akaniangalia miguu iliyojaa tope akauliza "mmetoka kulima?" Mdogo wangu akasema "tumetoka huko juu bibi", akaonyesha mlima. Bibi hakusema kitu. Akaangalia mlima, akatuangalia, akauliza kama lile jiwe kubwa jeusi pale mto unapokata bado lipo, walikua wanapumzikia hapo. Lipo bibi, tumekaa juu yake. Akatikisa kichwa polepole.

Nikatoa simu. Nilikua nimeirekodi ile sauti, siyo nzuri sana, kuna kelele za majani. Nikamuwekea sikioni. Wuuup. Kimya. Gologologolo. Bibi akashika mkono wangu ili nisiiondoe.

"Ng'olaga," akasema. "Dume. Anawaita wenzie." Alafu akainua kidole. "Na huyu mwingine wa ng'ambo anayemjibu, nyie mmemuona?"

Nikamwambia bibi alikua mmoja tu, hata kijana wa hifadhi alisema mmoja. Akasema rudisha. Nikarudisha, nikaongeza sauti mpaka mwisho, tukainamisha vichwa vitatu juu ya simu. Wuuup, gologologolo, majani, majani, mdogo wangu anakohoa, alafu mbali kabisa, kidogo sana, kama inatoka upande wa pili wa bonde, ikajibu.

"Eeh," bibi akasema. "Rudisha tena."